Sakafu ya Bi Verna

Kwa nini watu wale wale waliowapa watoto tufaha kila msimu wa mavuno, na kuwapigia honi za salamu barabarani, walikataa mara mbili kuwajengea shule? Verna Tollefson alijiuliza hivyo akiwa amepiga magoti kando ya gari la zimamoto, akikwangua chingamu sakafuni.

Yeye mwenyewe alisoma hapa hapa kijijini Tamarack Grove wakati shule ilipokuwa chumba kimoja, jiko moja la kuni na mwalimu mmoja aliyewafundisha wakubwa na wadogo pamoja. Vita Kuu ya Pili vilipokwisha, mashamba ya viazi yalianza kuota nyumba. Vijishule vya mashambani viliunganishwa kuwa wilaya moja ya elimu, ikajengwa shule ya matofali, nayo ikajaa kabla rangi haijakauka. Wengine walisoma asubuhi, wengine mchana. Darasa la pili lilihamia kwenye chumba cha chini ya kanisa. Darasa la kwanza lilikuja hapa, kwenye kituo cha zimamoto, ambako Verna alikuwa mfagizi.

Wakati wa joto gari lilisimama nje. Baridi ilipokaza liliingizwa ndani, maji yasije yakaganda kwenye tangi lake, na watoto wakakaa wamelizunguka kama watoto wa nguruwe wanaonyonya. Makoti yao waliyatundika kwenye ngazi ya gari.

Kesho yake watu wangepiga kura kwa mara ya tatu, kukubali au kukataa kodi ya kujenga shule mpya, katika ukumbi huo huo wa zimamoto. Siku ya kura watoto hurudishwa nyumbani. Verna hutoa madawati uani, huyafunika kwa turubai, kisha huipaka sakafu nta mpaka taa zionekane ndani yake. Hiyo ndiyo fahari yake. Hakuna ukumbi uliong'aa vile upande wote huu wa jiji la Minneapolis.

Jioni alikwenda dukani kununua nta. Alimkuta Harlan Bakke, mkulima wa viazi, ameegemea kaunta na kikombe cha kahawa.

"Bi Verna! Unakwenda kutung'arishia tena?"

"Kama kawaida, Mzee Bakke. Na wewe unakwenda kutukatalia tena?"

Harlan alicheka. "Sasa mama, nisikatae kwa nini? Mwezi wa kumi nimeingia pale kupiga kura, ukumbi mtupu, sakafu kama kioo. Nikasema hapa naweza kucheza dansi na ng'ombe wangu wote. Halafu mnaniambia watoto hawana nafasi!"

Waliokuwa dukani waliangua kicheko. Verna hakucheka. Alilitazama kopo la nta mkononi mwake kama mtu aliyeonyeshwa picha yake mwenyewe na asijitambue. Kisha akaliweka juu ya kaunta na kutoka. Njia nzima hadi nyumbani kwa Mwalimu Dolan, aliyefundisha darasa la kwanza, alikuwa karibu akimbie.

Asubuhi, Hulda, msimamizi wa uchaguzi, alifungua mlango akiwa na sanduku la kura, akasimama ghafla. Darasa zima lilikuwa ndani. Nyuma yake aliingia Orville, mkuu wa zimamoto, akamaka.

"Bi Verna, we umelala au? Madawati bado yako ndani!"

"Yako ndani, na leo hayatoki."

"Utaniponza. Sheria inakataza kampeni karibu na sanduku!"

"Kusoma alfabeti ndiyo kampeni?"

Orville alimgeukia Mwalimu Dolan, msichana aliyemaliza chuo juzi tu. Uso ulikuwa umemwiva, lakini chaki haikumtoka mkononi. "Mimi sina pengine pa kuwafundishia, bwana mkuu," alisema.

Hulda alipima kwa macho upenyo uliobaki kati ya madawati na magurudumu. "Mtu anaweza kupita?"

"Anaweza," alisema Verna, "akivuta tumbo."

"Basi wavute," Hulda alisema, akatua sanduku lake.

Walikuja wakavuta. Walipita mmoja mmoja, theluji ikiyeyuka kwenye mabuti yao, wakiomba radhi kwa watoto, wakijigonga kwenye ngazi, makoti madogo yakiwapangusa nyuso. Sauti zilizozoea kufoka minadani zilishuka na kuwa minong'ono, kwa kuwa somo lilikuwa linaendelea. Verna alisimama pembeni na ufagio wake. Sakafu ilikuwa tope tupu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuifuta.

Alasiri Harlan aliingia.

"Babu," aliita msichana mmoja aliyekaa ubavuni mwa gurudumu, "umekanyaga mkate wangu."

Harlan aliruka nyuma, akagonga dawati jingine. "Ah! Samahani, mjukuu wangu. Kwani mnakula hapa hapa?"

"Tunakula hapa, tunasoma hapa. Kengele tu ndiyo haturuhusiwi kugusa."

"Mbona nilipokuja mwezi wa kumi sikuwaona?"

"Tulirudishwa nyumbani," alisema msichana, "ili nyinyi mpate nafasi."

Harlan alivua kofia. Alimtafuta Verna kwa macho juu ya vichwa vya watoto, akampata, lakini dansi na ng'ombe hakuvitaja. Aliingia nyuma ya pazia la kupigia kura akiwa bado ameishika kofia kifuani.

Kura zilihesabiwa watu wakiwa wamefurika hadi barabarani. Hulda alikunja miwani yake polepole, kwa makusudi.

"Imepita," alisema. "Tena kwa kura nyingi."

Orville, aliyewakataza watoto mwaka mzima kuigusa kengele ya gari, aliirukia mwenyewe na kuipiga kama mwendawazimu. Nje honi ziliitikia mtaa kwa mtaa, mpaka kwenye nyumba mpya ambazo bado hazikuwa na miti. Mwalimu Dolan alilia bila kujificha. Kuna aliyeleta kodiani, kuna aliyeleta mikate ya mdalasini, na Harlan akanyanyua dawati la kwanza.

"Tupisheni! Leo tunacheza!"

"Liweke chini, Mzee Bakke."

Kodiani ilinyamaza. Verna alikuwa amesimama mlangoni, ufagio mkononi, tope limemfika kwenye soksi.

"Chezeni katikati ya madawati, au chezeni kwenye theluji," aliwaambia wote. "Madawati haya siyatoi tena. Yatakaa hapa mpaka siku watoto watakapoyabeba wenyewe kuyapeleka shuleni kwao."