Ndoo ya Kafuri

Hebu niambie, mwanangu: ukifa leo, unamjua atakayekuosha? Usikimbilie kujibu. Mimi nilidhani namjua wangu, mpaka siku tuliyomlaza Bi Tuhfa juu ya kitanda cha kuoshea.

Chama chetu pale Chumbageni kazi yake ni moja, kuosha maiti za wanawake. Hatulipwi, hatuombi hata nauli. Bi Tuhfa ndiye aliyekianzisha, tukiwa wanawake kumi na wanne. Wengine wakachukuliwa na mauti, wengine na magoti, tukabaki watatu: yeye, Bi Zuleha na mimi. Na chama kina sharti la tangu mwanzo: nafasi ya kuosha haiombwi. Mwenye kuiomba, tulisema, anayaita mauti mlangoni kwake. Mtu hushikwa mkono na mwanachama, akaingizwa ndani ya pazia, basi.

Mwaka jana tuliona chama kinatufia mikononi. Bi Zuleha akaleta shauri tununue kanga za sare, tuwagawie wasichana wa mtaani. Zilikuwa kijani cha jani la mgomba, pindo jeusi, zimeandikwa MSITIRI MWENZIO NAWE USITIRIWE. Wasichana kumi na mmoja walizipokea kwa bashasha. Tukawafungulia na kundi la simu. Wiki ileile nikaziona kanga zote kumi na moja kwenye harusi ya Nguvumali, zimeshonwa mishono mizuri kwelikweli, zinacheza.

Bi Tuhfa alifariki Jumatano alfajiri. Wasia wake ulikuwa mfupi: aoshwe na chama chake, asiguswe na mkono mgeni. Nayo kazi ile si ya watu wawili. Mmoja amwage maji, mmoja aoshe, mmoja amshike na kumgeuza. Zuleha goti halikunjiki, na mimi mkono wa kulia haupandi juu ya bega. Nikaandika kwenye simu: njooni. Zikarudi pole, na vile vikatuni vinavyolia machozi. Nikavihesabu. Kumi na moja, hakukosa hata mmoja.

Saa nne hajatokea mtu. Mundhir, mtoto wa marehemu, akakohoa nje ya mlango wa uani.

"Shikamoo, mama. Tunazika baada ya adhuhuri. Kuna akina mama wa mtaa wa pili wako tayari. Niwatumie mtu?"

"Marahaba. Mama yako alisemaje?"

"Alisema, najua. Lakini jua hili halimngoji."

"Nipe mpaka saa tano."

"Saa tano, mama. Hapo nitawaita, mtanisamehe."

Zuleha akasonya. "Waache waje. Chama ndiyo kimekwisha hivyo. Sisi tubaki kupika wali wa hitima."

"Taratibu, Zuleha. Anakusikia huyu marehemu."

"Na asikie. Yeye ndiye aliyechagua kijani. Mimi nilitaka zambarau."

Nje ya pazia alikuwako Khairat, mke wa mwanangu Badru. Miaka sita kazi yake ni ya huko nje: achemshe maji, atwange majani ya mkunazi, asage kafuri ya ndoo ya mwisho, aweke ndoo kando ya pazia, akohoe kidogo, aondoke. Sikumshika mkono hata siku moja. Tulipomwosha mama yake mzazi alisimama mlangoni anatetemeka, nikamwambia, kaa nje, mwanangu. Hata kanga zilipogawiwa nilimruka. Nilisema moyoni, huyu mwoga, nisimwonee.

Tukapiga bismillahi, tukaanza wawili. Ndoo ya kwanza ikaenda salama. Ya pili ikabidi tumgeuze ubavu wa kushoto, ili tuoshe wa kulia. Nikamshika begani, nikavuta, na hapo mkono wangu ukafa ganzi. Bi Tuhfa akateleza. Kichwa kikaelekea ukingo wa kitanda, na ile kanga ya kumsitiri ikaanza kumfuata. Zuleha akaiangusha kata.

Pazia likafunguka. Mikono miwili ikapita mbele ya uso wangu, mmoja ukaingia chini ya shingo, wa pili chini ya bega, na kiwiko kikaikandamiza kanga isifunuke. Alikuwa Khairat, mikono ya gauni imekunjwa juu, vidole vinanuka kafuri.

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye ufuo, lile shimo tunalochimba chini ya kitanda, nikayasikia tone kwa tone.

"Nani amekushika mkono?" Zuleha akauliza.

"Hakuna, bibi."

"Basi toka."

"Nikitoka ataanguka."

Nje Mundhir akakohoa tena. "Mama, saa tano."

Nikaitazama ile mikono. Haikutetemeka. Imekamata vile vile alivyotufundisha Bi Tuhfa mwenyewe, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala.

"Umejifunza wapi kushika hivyo?"

"Pazia lina tundu, mama. Miaka sita sasa."

"Na muda wote huo hukufungua kinywa?"

"Haiombwi. Mlisema wenyewe."

Zuleha akaniangalia, akainama kwa shida kuiokota kata yake. "Basi mshike, unangoja nini? Goti linaniuma."

Nikaushika mkono wa Khairat, ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko. Nikapaza sauti ipite mlangoni: "Mundhir, tumetimia watatu. Rudi ukakae na wanaume wenzio."

Nikasikia ndala zake zinakwenda. Tukamgeuza Bi Tuhfa, tukamaliza ndoo ya pili, ikabaki ya kafuri. Nikampa Khairat kata aimwage yeye.

"Sasa umeshikwa," nikamwambia. "Lililokukaa moyoni liseme."

Akamwaga kidogo kidogo kuanzia kichwani, mpaka maji yalipofika miguuni.

"Siku ile sikutetemeka kwa woga, mama," akasema. "Nilikuwa nangoja mnishike mkono. Nilitaka nimwoshe mama yangu."