Verlon na Kichwa cha Dereva Wake

Kwenye uwanja wetu wa mbio za magari hapa Carolina, mkuu wa mafundi na dereva wake hawana siri. Mashabiki tunavaa redio masikioni, tunawasikiliza huku tukimenya karanga za kuchemsha.

Jumamosi ile, zikiwa zimebaki raundi kumi na tano, dereva mmoja, Coy Setzer, akamgonga mwenzake Brantley Lail kwa nyuma, gari la Brantley likazunguka kama pia. Brantley alishapewa onyo na wasimamizi wa mbio kwa kugonga wenzake. Akilipiza kisasi tu, anafungiwa msimu mzima.

"Namtoa huyo mbioni leo!" alifoka redioni. "Mzee, umenisikia? Namtoa!"

Jukwaa zima tukaacha kutafuna. Verlon Sigmon, mkuu wake wa mafundi, mwenye miaka thelathini na mmoja kwenye kazi hiyo, hakupandisha sauti.

"Sawa, mwanangu. Ila pua ya gari hilo nimeipaka rangi jana kwa mikono yangu. Ukitaka kumgonga, simamisha, shuka, umgonge kwa kichwa chako. Hicho sikukitengeneza mimi."

Jirani yangu Darlene akanifinya paja.

"Kichwa chenyewe kinaniuma, mzee," Brantley akasema, sauti imeshuka.

"Najua. Matairi je?"

"La mbele kulia linateleza."

"Basi kwenye kona nenda nalo taratibu. Niletee gari zima, na wewe mzima."

Raundi zote zilizobaki alimfuata Setzer mgongoni bila kumgusa, akamaliza wa sita. Darlene akafuta macho.

"Mimi nimezaa watano," akasema, "na hakuna hata mmoja anayenisikiliza hivyo."