Mvua ya Ndoo

Rahabu alikuwa na kiwanja chake, matofali aliyoyafyatua mwenyewe hapo hapo kiwanjani, mabati yamelala yanasubiri, na nyumba hana. Tangu mumewe afariki alikuwa akilala kwenye chumba cha shemeji yake Urbano, na Urbano alishamwambia kavukavu: mvua ya kwanza ikinyesha, chumba anaingia mwanawe na mke mpya. Ilikuwa Oktoba tayari. Kilichokosekana ni kibali cha kujenga.

Kibali kilikuwa mikononi mwa Sostenes, afisa mazingira, kijana wa adabu sana ila akili yake yote iko kwenye fomu.

"Shikamoo mama," alisema. "Kiwanja chako kinashukia ziwani. Fomu inataka nione kwa macho yangu maji ya mvua yanapita wapi."

"Marahaba. Basi njoo mvua ikinyesha."

"Mvua ikinyesha hatutoki ofisini, mama. Usalama kazini."

Sasa mtu kama huyo umwambie nini? Rahabu alirudi na hasira zake. Kisha akafanya kile wanachofanya kwao kazi ikimzidi mtu mmoja: akapika kande masufuria mawili, akakoroga togwa, akaalika majirani. Wakialikwa kulima huja na majembe. Safari hii aliwaambia waje na ndoo.

Wakaja zaidi ya arobaini, waliopanga foleni bombani tangu asubuhi. Sostenes naye, alipoitwa aje aone, akaja na mabuti ya mvua na mwavuli umefunguliwa, jua la saa sita linawaka. Eti ukaguzi wa mvua una mavazi yake. Akapanda juu ya rundo la matofali, akatazama saa.

"Haya, nyesheni!"

Jamani, walinyesha! Sostenes alidai manyunyu kwanza, ndipo mvua kubwa. Martha, jirani wa Rahabu, akauliza radi anapiga nani, na mzee Manase akajitolea na sufuria. Maji yakateremka vizuri, yakakata kona, yakatumbukia yote kwenye shimo alilochimba Rahabu kupata udongo wa matofali. Yakatulia humo, maana udongo wa pale ni wa mfinyanzi, haunywi maji.

Baada ya siku nne Sostenes alirudi kukamilisha vipimo. Akakuta vyura. Akakuta na yangeyange mmoja anatembea pembeni kama mwenye kiwanja. Akaandika: ardhi oevu, ujenzi marufuku.

"Oevu ya nani?" Rahabu akapiga kelele. "Maji haya tumeyabeba kichwani! Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama. Ila fomu haiulizi yametoka wapi. Inauliza yapo au hayapo."

Martha akaleta ndoo ayachote yaishe. Akaambiwa kuchota maji kwenye eneo la hifadhi ni kosa. Rahabu akakaa chini akalia, kilio cha mtu mzima asiyejali nani anamwona.

Mwezi uliofuata mvua yenyewe ikaja. Wala haikuhangaika na kiwanja chake. Maji yake yalipita upande wa pili kabisa, yakashuka ziwani. Rahabu hakupata nafasi ya kumwita mtu aje aone. Vyombo vyake vilikuwa nje kwa Urbano, na bibi harusi alishaanza kufagia. Akajitwisha godoro, Martha akamsaidia kitanda, wakafunga turubai kwenye miti minne katikati ya kiwanja.

Habari hazilali. Jioni hiyo hiyo Sostenes alifika amelowa chapachapa, fomu ameificha ndani ya shati.

"Mama, hapa huruhusiwi kujenga."

"Sijajenga, mwanangu," akasema Rahabu. "Nimetandika."

Sostenes akaitoa fomu, akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza nyuma. Kitanda hakikutajwa popote. Akabaki amesimama, maji yanamchuruzika puani. Rahabu alimwangalia, hasira na huruma vinagombana. Kisha akajisogeza kitandani, upande ule ambao ungekuwa ukutani kama nyumba ingekuwepo, akampisha akae.