Utabiri wa Bibi Mawingu

Kwa miaka minne mwanafunzi mmoja alipima mvua kwa chupa iliyokatwa shingo, akaandika vipimo daftarini. Mwaka jana alikisia siku ya mvua kuanza, akapatia. Tangu hapo mtaa mzima ukawa unamwita Bibi Mawingu, na baba yake mdogo, mfyatua matofali, akawa haaniki hata moja bila kumuuliza.

Asubuhi moja baba mdogo alifika dirishani kwake, mikono imejaa udongo.

"Haya, Bibi Mawingu! Nina matofali mabichi elfu mbili. Niyafunue yapate jua? Yakinyeshewa yanarudi tope."

Daftari lilisema mvua bado wiki mbili. Lakini upepo ulikuwa umegeuka tangu jana, jambo ambalo miaka yote minne hakuliona.

"Baba mdogo, mwaka huu sijui."

Baba mdogo akacheka mpaka akashika ukuta. "Mtaalamu hajui! Unaniringia, mwanangu?"

"Kweli. Mimi napima tu ile iliyokwisha kunyesha."

"Mbona mwaka jana ulijua?"

Mwanafunzi alitaka kusema ilikuwa bahati tu. Badala yake akafungua daftari, akatafuta ukurasa wa mwaka jana.

"Ingekuwa mvua ungesema. Basi ni jua," alisema baba mdogo, akaenda kuondoa maturubai yaliyofunika matofali.

Bibi Mawingu alimwita, lakini sauti yake haikuvuka hata dirisha.