Kofia ya Turufu

Kwenye baraza ya mzee Kombo, pale Nguvumali, karata zilichezwa kila baada ya sala ya alasiri, na mchezo ulikuwa mmoja tu, wahedi wa sitini: watu wanne, wawili kwa wawili, na watakaofikisha pointi sitini na moja ndio washindi. Binti yake Zuleha hakuwahi kushika hata karata moja. Alikaa nyuma ya pazia la mlango akimshonea baba yake kofia ya Idi, na kwa kuwa mdomo wake ulikuwa mzito, watu walisahau kama yupo. Hata shikamoo yake ilibidi uitegee sikio.

Lakini macho yake hayakuwa na haya. Mwanzoni alitazama tu. Kisha akagundua kwamba turufu ni kumi, hazizidi wala hazipungui, na wanaume wale kwa kelele zao walikuwa wakizisahau kama mtu anavyosahau kandambili msikitini. Akaanza kuzihesabu. Kila turufu ikianguka mkekani, alipiga mshono mmoja kwenye kofia. Hakufundishwa na mtu. Shule aliiachia darasa la tano, mwalimu akiwa bado anamsubiri atamke jawabu la saba mara nane. Jawabu alikuwa nalo.

Siku moja Rama, mwenza wa mzee Kombo mchezoni, alikwenda Mkwaja mazikoni. Wakabaki watatu. Ibrahimu, mdogo wake Kombo, akatamba kwamba hakuna wa kumfunga leo kwa sababu hakuna wa kucheza. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ndogo kama ya paka aliyefungiwa kabatini.

"Mimi nitakaa."

Castory, jirani yao aliyestaafu shamba la mkonge, alimwaga kahawa. Mzee Kombo aliuliza nani kasema. Ibrahimu alicheka mpaka akakohoa, kisha akaweka sharti: Zuleha akifungwa, na hapo mlangoni aondoke, akashonee uani pamoja na kuku. Zuleha alifikiria kule uani, kusikosikika hata karata moja, akaja kuketi mkekani na kofia yake pajani. Ibrahimu akasema mwacheni nayo, mtoto ana woga.

Turufu ikawa shupaza. Karata zikaanguka, na kila shupaza ilipoanguka sindano ikapita. Wanaume walibishana, wakakonyezana, wakasingiziana. Yeye alishona.

Zikabaki karata mbili kwa kila mtu, na zamu ya kuanza ilikuwa yake. Alikuwa na ree ya kopa, yenye pointi kumi na moja, na mbili ya shupaza. Bila pointi za ile ree, yeye na baba yake wasingefika. Ibrahimu aliinua karata yake juu na kuitikisa.

"Teremsha, mwanangu. Mimi nina kisu hapa."

Mzee Kombo akakohoa mara mbili. Kikohozi chake kilikuwa na lugha, na hicho kilisema usithubutu.

Zuleha akainamia kofia. Mishono mipya tisa. Turufu ya kumi alikuwa nayo mwenyewe mkononi. Hicho kisu cha baba mdogo hakikuwapo.

Akateremsha ree. Ibrahimu akatoa tano ya pao, taratibu, kama mtu anayevua shati mbele ya daktari. Castory ikambidi aongeze mzungu wake wa nne wa kopa, pointi nne nyingine. Walipohesabu, Kombo na binti yake walikuwa na sitini na tatu.

Ibrahimu akaivuta ile kofia pajani kwa Zuleha.

"Ulikuwa unashona nini?"

"Turufu, baba mdogo."

Akamwonyesha. Huu mstari ni wa leo. Huu wa Ijumaa, Ibrahimu alipoitupa bure saba yenye pointi kumi. Huu uliopinda ni ile siku aliyoapa ana mzungu wa tatu, kumbe hana. Kofia nzima ilikuwa michezo yao, na hapakuwa na ua hata moja lililofanana na mwenzake.

"Na kofia yangu ya Idi?" akauliza mzee Kombo.

"Ndiyo hiyo, baba."

Aliivaa hivyo hivyo. Siku ya Idi, msikitini, Ibrahimu aliangukia safu ya nyuma ya kaka yake, na hotuba yote alikuwa akisoma kwenye ile kofia alivyofungwa.

Sikukuu ilipokwisha, Ibrahimu alitangaza kwamba Zuleha ana nafasi yake mkekani, ila sindano na kofia ni marufuku. Zuleha akaitikia vizuri, na safari hii alisikika. Alasiri ile alikuja mikono mitupu, ila kwapani alikuwa na ukindu wa kusukia mkeka.