Michoro Miwili ya Shingo ya Koultoumi

Ulitazama kando. Usiniambie hukuwepo; kama hukuwa kwenye kikao kile cha Moroni, ulikuwa kwenye kingine, unarekebisha kofia huku watu wakigawa mwili usio wao.

Wazungu mamluki walikuwa wameshashika nchi, na hata kupanda ndege ulihitaji watake wao. Dada yangu Koultoumi, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani kule Hombo, Mutsamudu, kisiwa kingine, aliota uvimbe kooni. Daktari Nourdine akaenda Antananarivo, kwenye mashine ya mionzi, akarudi na michoro miwili. Mpango wa kwanza ungeupiga uvimbe wote, lakini ungeunguza tezi za mate: kinywa kikavu maisha yake yote, sauti ya kusomesha basi tena. Wa pili ungeziokoa tezi za upande mmoja, ila ukingo wa uvimbe ungepata mionzi haba na ugonjwa ungeweza kurudi. Nafasi ya Koultoumi kwenye mashine ilikuwa Jumatatu. Madaktari wa kule walisubiri jibu.

Mjomba Ibouroi akawakusanya wakubwa uwanjani. Mimi na Nourdine tulikaa nyuma, penye viatu, kwa sababu tulikuwa hatujafanya harusi kuu ya kulisha mji mzima, na asiyeifanya hasemi mbele ya wakubwa, hata awe na mvi.

"Huu una mistari mizuri zaidi," mmoja akasema.

"Unachagua kanga?" mwenzake akamtania.

Wakacheka. Mjomba akainua mkono. "Tusivutane. Tuchukue nusu ya huu na nusu ya ule."

Wakaitikia, kama wanavyoitikia ugomvi wa mpaka wa shamba ukiisha. Nourdine akasimama.

"Mzee, hivyo tezi zitaungua na uvimbe utabaki. Atakosa huku na huku."

"Kaa, mtoto. Utasema ukishaoa."

"Nina watoto wanne."

"Umeoa ndoa ndogo."

Fatiha ikasomwa. Simu ya maandishi yenye uamuzi huo ingepelekwa Antananarivo kesho yake.

Nikaikwapua michoro mkekani, nikakimbilia uwanja wa ndege. Mamluki mmoja akaishika juu chini.

"Ramani ya nini hii?"

"Shingo ya dada yangu."

Akaniacha juani mpaka rubani alipoanza kuwasha injini, kisha akanitupia michoro, nikapanda.

Koultoumi aliipokea mlangoni kwake Hombo, akaitazama mmoja mmoja huku namweleza.

"Kwa hiyo wamekaa, wamekunywa chai, wamemaliza. Nani aliuliza mimi nataka nini?"

Nikamwuliza, basi.

"Sauti naipenda, Soulé. Usidhani siipendi." Akameza kwa taabu. "Lakini mwanangu Saoudat hajaota hata meno ya pili. Nataka nimwone akiolewa, hata kama nitanong'ona. Mpango wa kwanza. Na mjomba wako mwambie leo ale nusu ya wali, nusu ya mchanga."

Akajitanda shuka lake la shiromani, akaenda posta mwenyewe, akatuma jibu kwa jina lake.

Leo ananong'ona. Chupa ya maji haimtoki mkononi. Saoudat, msichana mkubwa sasa, anawasomea wanafunzi kwa sauti badala yake. Mjomba bado anamwita mtovu wa adabu.

Na Ijumaa hii, baada ya sala, wakubwa wale wale wanakaa tena: Hadidja, mpwa mwingine wa Ibouroi, uvimbe wa titi, michoro miwili mingine. Yeye yuko ndani, nyuma ya soko la Volo Volo, na hajaulizwa. Wewe unayesoma haya unapita mlangoni kwake kila siku. Funga kibanda chako cha sokoni. Nenda kamwulize anataka nini, kisha ulipeleke jibu lake kwa Nourdine, kwa maneno yake mwenyewe, sasa hivi, kabla hawajatandika mkeka.