Valvu Zenye Masikio

Mshonaji alifungua mkoba wake juu ya meza ya fundi wa redio, akatoa valvu mbili zilizoungua, vile vichupa vya kioo vya kukuzia sauti. Zilikuwa za amplifaya ya shemeji yake, lile dude la zamani ambalo halisemi neno mpaka lipate moto.

"Jumamosi anatuzwa kwa ule wimbo," alisema. "Anataka kuuimba kwa mashine ileile ya zamani."

"Na katika watu wote amekutuma wewe?"

"Mimi najua kuchagua. Hata mume nilimchagua vizuri. Huyu ndugu yake ndiye nilipewa kama nyongeza."

Fundi alicheka. Alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba ule wimbo ulikuwa bembelezi. Mshonaji alimtungia binti yake wa kwanza, ambaye hakuishi hadi kutembea. Alikuwa akimwimbia uani, nyuma ya chumba cha mazoezi ya bendi, huku akifua. Shemeji aliusikia dirishani, akautia tarumbeta na jina lake.

Fundi akashusha boksi la valvu kuukuu. Valvu hizi hufanya kazi kwa jozi. Zisipolingana, moja hubeba mzigo wa mwenzake mpaka inaiva nyekundu. Alizipachika mbilimbili kwenye mashine ya majaribio, akizigonga kwa penseli. Nzima zilikaa kimya. Jozi moja ililia kwenye spika kama bilauri iliyopigwa kijiko.

"Hizi tupa kule. Zina masikio, zinadaka kila kinachosemwa karibu nazo. Nilizitoa mwenyewe kwenye mashine hiyohiyo, enzi za bendi."

"Gonga tena."

Aligonga. Yakasikika maji ya beseni, kisha mtoto akicheka. Fundi akapunguza sauti, maana kulikuwa na mteja anaongea na simu.

"Zinalingana?" mshonaji akauliza.

"Kama pacha."

"Nifungie hizo."

"Bibi wewe, utamwumbua mtu!"

"Kitendawili."

"Tega."

"Mwizi wangu simkimbizi, namshonea suti."

Fundi alifikiri huku akizifunga kwenye gazeti. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji nitauchukua Jumamosi."

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Shemeji alisimama na suti nyeupe aliyoshonewa na mshonaji, akafumbua kinywa, na kwenye spika ikatoka sauti ya mwanamke kijana, mikono yake ikichapa maji. *Lala, mama, lala.* Baada ya ubeti wa kwanza kijana mmoja aliuliza ndani ya spika hiyohiyo, kama aliye dirishani, "Shemeji, huo umeutoa wapi?" Mwanamke akajibu, "Nimemtungia mwanangu."

Watu wote walisikia. Mshonaji, safu ya nyuma, aliinuka nusu.

"Sauti haijazeeka hata kidogo," akasema mgeni rasmi, akipangusa macho. "Na kumbe alimtungia mwanawe! Masikini, baba wa watu!"

Shemeji hakuwahi kupata mtoto. Hakuna aliyeuliza. Walipiga makofi, wakampa kikombe, na alipotaka kushukuru, ile sauti ya kike ikawashukuru vizuri sana. Mshonaji akakaa.

Jumatatu asubuhi shemeji aligonga mlango wake. Macho yalikuwa mekundu. Amplifaya ilikuwa imezimwa tangu juzi, lakini mtoto alikuwa analia ndani ya kifua chake, kilio cha mtoto mwenye njaa ya kubebwa.

"Shemeji, nisaidie," alisema kwa sauti ya mshonaji, ile ya ujana. "Hanyamazi mpaka nitembee naye."

Mshonaji alikitazama kifua kile. Mkono wake ulitoka wenyewe, ukafika karibu na vifungo vya shati. Akaurudisha.

"Sema wimbo ni wa nani, nimchukue."

Mtoto akazidi kulia.

"Kikombe nimeshakipokea," shemeji akasema.

"Basi na mtoto ni wako, umepongezwa mbele za watu. Mbembeleze."

Akafunga mlango.

Shemeji alishuka mtaani akijipigapiga kifua, akiimba polepole. Redio ya dukani nayo ilikuwa inaucheza wimbo, mtangazaji akamtaja yeye kuwa mtunzi. Watu walimpisha njia, kama anavyopishwa yeyote mwenye mtoto mchanga.